Picha za zamani za treni: mashine ina jina, watu hawana

Kila mara habari za reli ya Lobito zinapotangazwa, picha za zamani za treni zinatoka ndani ya masanduku. Zinapigwa tena kwa simu, zinatumwa kwa WhatsApp, zinazunguka toka Manika hadi Likasi, toka Likasi hadi Mwene-Ditu, na zinafika hata kwa watoto wanaoishi Bruxelles au Johannesburg. Ni mashine nyeusi ya moshi, wanaume wamesimama mbele yake na kofia mkononi, labda na mtoto mmoja ameshika chuma cha ngazi. Chini ya picha kuna maneno mawili matatu tu: treni ya zamani, au wakati wa BCK.

Swali linalofuata karibu kila mara ni moja: hii ni mashine gani? Swali la pili, hawa watu ni nani, linaulizwa na wachache, na mara nyingi anayeweza kulijibu amekwisha kuzikwa. Ajabu ni kwamba swali la kwanza ndilo rahisi. Mashine ilikuwa na namba, ilikuwa na sahani ya kiwanda, ilikuwa na faili Ulaya, na faili hiyo bado iko. Mtu aliyetia kuni ndani ya moto wake, faili yake ni ile picha peke yake.

Koloni la Wabelgiji, mashine za Waingereza

Kijana wa leo anaweza kushangaa: Kongo ilikuwa ya Wabelgiji, sasa treni za Uingereza ziliingia kwa njia gani? Jibu liko kwenye ramani. Katanga iko mbali na bahari kila upande, na reli yake ya kwanza haikupita Kinshasa wala Matadi. Ilitoka kusini, ndani ya inchi zilizokuwa mikononi mwa Waingereza: Cape Town, Bulawayo, maporomoko ya Victoria, kisha Broken Hill, mji ambao leo ni Kabwe. Mwisho wa mwaka 1909 vyuma vilifika mpakani, upande wa Sakania. Mwaka 1910 treni ya kwanza ikaingia Élisabethville, Lubumbashi ya leo.

Wajenzi walikuwa kampuni ya Kiingereza ya George Pauling. Aliyesukuma mambo alikuwa Mskoti, Robert Williams, mwenye kampuni ya Tanganyika Concessions, ambayo ilikuwa na sehemu yake ndani ya Union Minière tangu ilipoundwa mwaka 1906. Hata makaa ya mawe ya kuyeyushia shaba yalipanda kwa njia hiyohiyo toka Wankie, Hwange ya leo, huko Zimbabwe. Njo maana katika miaka ya kwanza Kiingereza kilisikika sana Élisabethville, mpaka wakubwa wa Kibelgiji wakaingiwa na woga kwamba Katanga itakuwa ya Waingereza kwa mlango wa nyuma. Ng'ambo ya mpaka, Wabemba wanaita treni shitima hadi leo, neno walilolitoa kwa Waingereza wa meli za moshi.

Upande wa Kolwezi ni Williams tena. Mwaka 1902 alipata ruhusa ya serikali ya Ureno kujenga reli toka Lobito, pwani ya Angola, hadi mpakani. Kazi ilianza mwaka 1903 na ikachukua zaidi ya miaka 25. Mwaka 1929 reli hiyo ya Benguela ilifika Luau, ng'ambo kidogo tu ya Dilolo, baada ya kilomita 1,344. Upande wa Kongo kipande cha Dilolo hadi Tenke, zaidi ya kilomita 500, kilikamilika mwaka 1931, na hapo shaba ikapata njia fupi ya kwenda bahari.

Sasa tazama tarehe. Mji wa Kolwezi ulianzishwa mwaka 1937, wakati Union Minière ilipoleta makao ya machimbo yake ya magharibi. Reli ilikuwa imekwisha kupita hapa miaka 6 mbele. Kwa jamaa nyingi za Kolwezi, basi, picha ya treni ni picha ya mlango ambao nkambo aliingilia. Alishuka ku gare, akaandikwa kazi, akapewa nyumba ndani ya kambi na posho kila wiki.

Kusoma picha mbele ya kuituma

Picha nyingi za namna hii hazina tarehe. Hata hivyo picha yenyewe inasema mengi kama mtu ana subira na mwanga mzuri.

Anza na herufi zilizoandikwa ubavuni mwa mashine au mwa behewa. BCK ni kampuni ya reli ya Bas-Congo hadi Katanga, iliyozaliwa mwaka 1906 pamoja na Union Minière. Herufi zake ni za wakati wa ukoloni. KDL, yaani Katanga-Dilolo-Léopoldville, ni hasa ya miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1970. SNCZ ilianza mwaka 1974, wakati wa Zaïre. Sizarail ilidumu muda mfupi, mwaka 1995 hadi 1997, na wako watu waliofanya kazi ndani yake ambao hata watoto wao hawakumbuki jina hilo. Baada ya hapo ni SNCC, ambayo wote wanaijua. Ukiona CFB, hiyo ni ya Benguela: mashine ya upande wa Angola, na picha huenda ilipigwa Dilolo au ng'ambo yake. Ukiona RR, ni reli ya Rhodesia, na mahali panaweza kuwa Sakania, Ndola au mbali zaidi kusini.

Herufi zina mtego wake, lakini. Behewa halipakwi rangi mpya siku kampuni inapobadilisha jina. Behewa la KDL liliweza kuzunguka miaka mingi ndani ya Zaïre na herufi zake za zamani. Kwa hiyo herufi zinaonyesha picha haiwezi kuwa ya mbele ya mwaka gani. Mwisho wake hazionyeshi.

Kisha inua macho juu ya mashine: kuna waya? Mwaka 1952 kipande cha Jadotville hadi Tenke kilianza kutembea kwa umeme wa mabwawa ya hapahapa Katanga, na ulikuwa umeme wa namna ambayo reli nyingi za Ulaya zilikuwa bado zinaijaribu. Baadaye waya zikafika Kolwezi. Picha ya Tenke isiyo na nguzo wala waya, basi, ni ya mbele ya miaka hiyo. Wazee wa reli walijivunia jambo hili, na walikuwa na haki. Wakati treni za Lualaba zilitembea kwa umeme, sehemu kubwa ya Uingereza ilikuwa bado inachoma makaa.

Ubao wa jina la gare unasaidia pia. Élisabethville na Jadotville yalikuwa majina ya ubaoni hadi mwaka 1966. Toka hapo ni Lubumbashi na Likasi. Kolwezi, Tenke na Dilolo hayakubadilika, kwa hiyo hayasaidii kitu. Nguo zinasaidia kidogo: abakosti ni ya miaka ya 1970 na kuendelea, na mtu aliyevaa tai mbele ya mkuu wa gare katika miaka ile ya Mobutu angekuwa anatafuta matata. Na karatasi yenyewe inasema neno. Picha nyeusi na nyeupe yenye ukingo mweupe uliokatwa kama meno ni ya miaka ya 1940 hadi 1960. Picha ya rangi ambayo uso wote umegeuka mwekundu ni mara nyingi ya miaka ya 1970, sababu rangi za wakati ule hazikudumu.

Upana wa reli hauonekani kwa jicho, ila unaeleza kwa nini mashine za inchi mbalimbali zinaweza kuonekana ndani ya albamu moja. Toka chuma hadi chuma ni milimita 1,067, kipimo kilekile cha Afrika Kusini, Zimbabwe, Zambia, Benguela, na hata TAZARA inayoshuka Dar es Salaam. Behewa la shaba lilitoka Kolwezi likafika baharini bila kupakuliwa. Kenya na Uganda zilijengewa reli ya mita moja, na mashine zao haziwezi kuonekana huku. Picha ya mashine ya Nairobi inayozungushwa eti ni ya Kolwezi imedanganywa mahali fulani njiani.

Mashine yenye tumbo katikati

Kati ya mashine zote, ile inayopendwa zaidi na wanaokusanya picha ni Garratt. Hata mtoto anaitambua: ni kama treni mbili zilizobeba pipa moja. Mwingereza Herbert William Garratt alifikiri hivi: reli za Afrika zina kona kali na vyuma vyepesi, mashine kubwa itazivunja. Basi igawe. Weka magurudumu mbele na magurudumu nyuma, kila seti ikiwa na maji au kuni juu yake, na katikati yaning'inie birika kubwa la mvuke. Mashine inajikunja kwenye kona kama nyoka, na uzito wake unagawanyika juu ya vyuma vingi.

Nyumba iliyojulikana kwa mashine hizi ilikuwa Beyer, Peacock & Co., kiwanda cha Gorton, mjini Manchester. Kilifunguliwa mwaka 1854, kikajenga karibu mashine 8,000, kikafunga milango mwaka 1966. Garratt za Benguela zilitoka huko kuanzia miaka ya 1920 hadi ya 1950. Zilichoma kuni za mikaratusi ambayo kampuni yenyewe iliipanda kandokando ya reli, na picha za upande wa Angola zinaonyesha marundo ya kuni yamepangwa kama matofali. Wasomaji walio Kenya wanazo ndugu zake: zile Garratt za aina ya 59, mashine 34 zilizopewa majina ya milima, ambazo moja yake, Mount Gelai, iko kwenye makumbusho ya reli ya Nairobi. Bulawayo na Livingstone pia kuna makumbusho ya reli yenye mashine za wakati ule.

Jambo lenyewe linaanza hapa. Kiwanda kama kile, mashine ikimalizika kujengwa, ilisukumwa uwanjani na kupigwa picha. Mara nyingi ilipakwa kwanza rangi ya kijivu ili kila msumari uonekane vizuri kwa kamera, halafu ndipo ikapewa rangi yake ya kweli. Picha ikawekwa pamoja na michoro na namba ya kiwanda. Makaratasi ya Beyer Peacock yako hadi leo kwenye Makumbusho ya Sayansi na Viwanda ya Manchester, ambayo nayo iko ndani ya gare ya zamani ya mwaka 1830. Ndani ya jengo imewekwa Garratt moja ya mwaka 1929 iliyofanya kazi Afrika Kusini, kwa kipimo kilekile cha milimita 1,067, kisha ikarudishwa mahali ilipozaliwa.

Maana yake ni hii: kama picha ya jamaa inaonyesha wazi ile sahani ya kiwanda ubavuni mwa mashine, na namba inasomeka, mtu anaweza kujua mashine ilijengwa mwaka gani, kwa kampuni gani, ikiwa na ndugu wangapi. Kazi hiyo wapenda treni wa Uingereza wanaifanya kwa furaha, hata usiku. Lakini mwambie mtu huyohuyo akutafutie jina la mashinisti aliyeshika lever siku ile, atakuambia hana pa kuanzia. Picha za kampuni za wakati wa ukoloni ziliandikwa chini kwa uangalifu namba ya mashine, jina la daraja, mara nyingi jina la mkubwa Mzungu. Wengine wote waliitwa wafanyakazi wenyeji, basi.

Nani alishika kamera

Kwa muda mrefu kamera ilikuwa ya kampuni, ya misheni au ya mtu wa studio. Mfanyakazi hakuwa nayo. Union Minière ilikuwa na gazeti lake la wafanyakazi, Mwana Shaba, lililoanza mwaka 1957 na likaendelea hadi wakati wa Gécamines, na ndani yake sura za wafanyakazi zilionekana sana: aliyepata medali, aliyemaliza miaka 25 ya kazi, timu ya mpira, harusi. Jamaa nyingi zilikata kurasa hizo na kuzibandika ndani ya albamu. Kipande cha Mwana Shaba chenye jina lililochapwa chini ya picha ni mali kubwa kuliko picha nzuri isiyo na jina, hata kama karatasi ni ya gazeti na imegeuka rangi ya chai.

Kisha ukaja wakati wa Zaïre, ambapo kupiga picha gare, daraja au uwanja wa ndege bila ruhusa kulimletea mtu shida na askari. Njo sababu picha za treni za miaka ya 1970 na 1980 ndani ya nyumba za Kolwezi ni zaidi za siku maalumu: mtu anasafiri kwenda kusoma, mzee anaagwa kazini, mgeni mkubwa anapokelewa na bendera za MPR zimefungwa mbele ya mashine. Picha ya siku ya kawaida, mashine imesimama, watu wanakula chikwanga kivulini, ni adimu. Aliye nayo anashika kitu ambacho hata ofisi ya reli huenda haina.

Msanii Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi wa mwaka 1978, alichukua picha za zamani za wafanyakazi na wakubwa wa migodi akaziweka juu ya picha mpya za viwanda vilivyokufa vya Gécamines. Kazi hiyo, Mémoire, ya mwaka 2006, ilimfanya ajulikane dunia nzima. Anayeitazama anakutana na macho ya watu waliopigwa picha kama mali ya kampuni. Wanatazama kamera moja kwa moja, na hakuna ajuaye majina yao.

Zilizobaki njiani

Kuna sababu picha za Kolwezi zimetawanyika, na haifai kuipita haraka.

Mwezi Agosti 1975 vita ya Angola ilifunga reli ya Benguela. Jamaa za Watshokwe na Walunda zilizokuwa na watu pande mbili za mpaka zikakatika. Picha ya Dilolo ya mwaka 1973 au 1974 ikawa kwa wengi picha ya mwisho ya pamoja. Treni haikurudi kuvuka kwa desturi hadi zaidi ya miaka 40 baadaye. Mwezi Februari 1976 hakuna aliyejua itachukua muda gani. Mwezi Februari 2015 marais wa Angola, Kongo na Zambia walikutana Luau kuifungua upya, baada ya Wachina kuijenga tena.

Mwezi Mei 1978 vita ikaingia Kolwezi yenyewe. Nyumba ziliporwa, watu wakakimbia na walichoweza kubeba kichwani. Albamu si kitu cha kwanza ambacho mtu anakibeba.

Kisha miaka ya 1992 na 1993. Watu wenye asili ya Kasaï, ambao wengi wao waliletwa na reli hiihii kufanya kazi reli na migodini, na ambao watoto wao walizaliwa hapa, walifukuzwa Katanga. Kwenye gare za Likasi na Kolwezi walilala nje wiki, wengine miezi, wakingoja treni ya kuwapeleka upande wa Mwene-Ditu na Kananga. Wengi walikufa hapo ku gare au njiani, watoto zaidi. Gare ambayo nkambo alishukia akiwa kijana ndiyo wajukuu walifukuziwa. Kuna picha za siku zile pia, nyingi zilizopigwa na waandishi wa habari na watu wa misaada. Lakini picha za miaka ya nyuma yake, za mashinisti na mafundi wa BCK na KDL wakiwa na jamaa zao, zilikwenda nao Kasaï ndani ya mizigo, au zilibaki ndani ya nyumba walizoacha na kuishia mikononi mwa walioingia.

Hii ndiyo sababu kuzungusha picha hizi kuna uzito kuliko mchezo wa kutambua mashine. Picha iliyoko Kolwezi inaweza kuwa na jina lake lililoko Mwene-Ditu. Mtu anayeituma akiandika tu treni ya zamani anafunga mlango ambao ungefunguka kwa mstari mmoja: picha hii ilikutwa nyumba fulani, kambi fulani, mwaka fulani. Upande wa pili, kuna wanaoikuta sura ya baba yao bila kutarajia, wakiwa kazini, na simu mkononi. Si kila mtu anataka hivyo. Picha ya watu waliokuwa ku gare mwaka 1993, hasa ya wagonjwa na maiti, isizungushwe kabla ya wenyewe kuulizwa. Katika jambo hili heshima inakuja mbele ya historia.

Na treni za leo? Watu wote wana kamera mfukoni, lakini picha za treni zinazosambaa haraka ni za ajali. Mwezi Machi 2022 treni ya mizigo ilianguka Buyofwe, upande wa Lubudi, na zaidi ya watu 60 wakafa. Walikuwa wamepanda behewa za mizigo, bila tiketi, kwa hiyo bila orodha yoyote ya abiria. Picha za vyuma vilivyopinda zilifika kila mahali.

Kuzipiga tena na kuzitunza

Mengi yanaharibika kwa nia njema. Kuipitisha picha kwenye mashine ya plastiki, kama wanavyofanya kwa kadi, ni kuiua polepole: joto linaipika na gundi haitoki tena. Albamu zenye karatasi ya kunata nazo ni mbaya, hasa hapa ambapo mvua inanyesha toka Novemba hadi Aprili na unyevu unaingia kila mahali. Bahasha ya karatasi safi, ndani ya sanduku la chuma lililoinuliwa toka sakafuni, inatosha. Vumbi la Kolwezi lipanguswe kwa kitambaa kikavu na laini. Maji hapana, wala mate.

Kuipiga tena kwa simu, iweke mezani karibu na dirisha, mchana, kivulini, bila flashi. Simu iwe sawa juu yake, isilale upande. Kisha geuza upande wa nyuma na upige huo pia, hata kama unaonekana mtupu: muhuri wa studio, namba ya penseli, neno moja la mkono wa marehemu, huo ndio ushahidi. Usikate ukingo. Kwa WhatsApp itumwe kama dokima, sababu ikitumwa kama picha ya kawaida inapunguzwa, na namba ya sahani ya mashine ndiyo inayopotea kwanza. Mwenye skana aiweke kwenye 600.

Kuandika nyuma ya picha kwa bic kunatoboa hadi usoni. Penseli laini, pembeni, kwa mkono mwepesi.

Majina yaandikwe kwa mpangilio: mstari wa mbele toka kushoto, kisha wa nyuma, na asiyejulikana aachiwe nafasi yake na alama ya kuuliza. Kuacha nafasi kunasaidia kuliko kukisia, maana jina la kukisia likizunguka mara tatu linakuwa kweli. Jina la kazini liandikwe pia, sababu wengi reli iliwajua kwa jina la utani au kwa namba ya kazi, na kadi ya pensheni inaweza kuwa na jina la tatu kabisa.

Kwa mzee ambaye macho hayaoni vizuri, picha ikuzwe kwenye skrini, sura moja moja, na mjukuu amrekodi kwa simu anavyoeleza. Aachwe aende anapotaka. Atataja mashine, atataja mkubwa aliyempiga faini, atataja mke wa mtu, na katikati ya hayo majina yatatoka yenyewe. Sauti hiyo ihifadhiwe na picha ndani ya folda moja, na faili zote mbili zipewe jina moja lenye mahali, mwaka na ukoo, kwa sababu simu ikibadilishwa, faili inayoitwa IMG na namba ndefu hakuna atakayeikumbuka.